Jina la Mji Hulibeba Aliyeuhama

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga, na asili ya mtu wa pwani aghalabu imo katika neno la mwisho la jina lake. Leo, ndugu msomaji, natuyatazame majina ya ukoo yaliyotokana na majina ya miji.

Mimi ni mkaazi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hapa kwetu nimeishi na Wabajuni, na Wagiriama, na Waswahili wa kutoka kila upande, wala sijapata kumsikia mtu akiitwa Mngomeni kuwa ndilo jina la ukoo wake. Sababu yake ni nyepesi. Mahali ambapo kila mtu ni wa Ngomeni, neno hilo halimpambanui mtu na mwenziwe. Lakini akihamia Mombasa, watu watauliza, "Salim yupi?" na jawabu litakuwa, "Yule wa Ngomeni." Hapo ndipo jina linapozaliwa.

Waingereza nao wanayo majina ya namna hii. Wako mabwana walioitwa kwa mashamba waliyoyamiliki, na wako wanyonge walioitwa kwa vijiji walivyovihama. Katika karne ya 12, bwana mmoja alipata milki ya Washington, kaskazini mashariki ya Uingereza, akaitwa kwa jina la mahali hapo. Katika karne ya 17 mmoja wa kizazi chake alivuka bahari akalowea Virginia, na kitukuu chake, George Washington, akawa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789. Mji mkuu wa taifa hilo kubwa basi unabeba jina la kijiji.

Kwetu pwani mfano bora ni Thenashara Taifa za Mombasa. Taifa tatu ni Changamwe, Kilindini na Tangana. Taifa tisa ni Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza, Shaka, Bajuni na Katwa. Ukiyasoma majina hayo, mengi utayaona yamo katika ramani. Wakilifi na Wamtwapa walikuja na majina ya miji yao ya zamani, na magofu ya Mnarani na ya Mtwapa yangalipo mpaka leo. Shaka ni ajabu zaidi. Ulikuwa mji ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini, nao hutajwa katika masimulizi ya Fumo Liongo. Leo hakuna Shaka ila mawe porini, lakini Washaka wamo Mombasa.

Wanazuoni wetu waliyavika majina haya vazi la Kiarabu. Kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya "p", mtu wa Pate aliandikwa al-Batawi. Ndivyo alivyojulikana Mwalimu Sikujua bin Abdalla al-Batawi wa Mombasa, ambaye katika karne ya 19 alifanya kazi kubwa ya kuyahifadhi mashairi ya Muyaka. Sheikh Uways bin Muhammad (1847–1909) ndiye al-Barawi. Kwao Barawa kila mtu ni Mbarawa, lakini alipofika Unguja jina hilo lilimtambulisha.

Mara nyingine jina hutolewa na wenyeji. Wageni kutoka Hadhramaut tuliwaita Washihiri, kwa bandari ya Shihr, hata kama mtu kwao ni bara na bandari hiyo aliipitia tu akija kupanda jahazi.

Majina haya sasa yanapotea. Nilipojaza fomu ya mwanangu katika ofisi moja, palitakiwa jina lake, langu na la babu yake, basi. Vizazi viwili vikipita hivyo, mji hautajwi tena. Na wako wanaoficha kwa hofu. Kijana wa Kibajuni alipoomba kitambulisho aliweza kuulizwa maswali ambayo wenziwe hawakuulizwa, kwa kuwa visiwa vya Wabajuni viko pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia. Mzazi aliyepata taabu hiyo hushawishika kulifuta neno Bajuni katika jina la mwanawe, ili apite kwa wepesi. Siwezi kumlaumu, lakini hasara ni yetu sote.

Tukumbuke kwamba hata neno Mswahili limetokana na "sawahil", yaani pwani kwa Kiarabu. Walituita hivyo waliokuja kwa bahari, nasi tukalikubali likawa letu. Basi, ndugu msomaji, wazee wangalipo, waulize walikotoka, hata kama mji huo ni gofu, ukaandike jibu lao penye majina ya wanao.