Ufunguo wa Gari Ukipotea, Hakikisha Umefutwa

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani huwasili nchini yakiwa na ufunguo mmoja tu. Ukipotea sokoni au kwenye matatu, mwenye gari hugundua kwamba kuchonga mwingine hakutoshi.

Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo yenye namba ya siri. Namba hiyo isipolingana na iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, injini haiwaki, hata kama chuma kimechongwa sawasawa. Ndiyo maana fundi huja na mashine ya kuusajili ufunguo mpya.

Hapo ndipo wengi hukosea. Gari likishawaka, wanalipa na kwenda zao, ilhali ule uliopotea bado unatambulika na aliyeuokota anaweza kuondoka na gari. Mwambie fundi afute funguo zote za zamani, kisha asajili zile tu ulizo nazo mkononi. Milango bado itafunguka kwa chuma cha zamani, vitasa visipobadilishwa.

Piga ripoti kituo cha polisi upewe abstrakti. Fundi mwaminifu ataomba kitambulisho na logibuku kabla ya kugusa gari. Asiyeuliza chochote ni wa kuogopwa, maana hata mwizi angemhudumia.

Aliyebaki na ufunguo mmoja atengeneze wa akiba sasa. Kunakili uliopo ni kazi nyepesi na nafuu kuliko kuanza bila wowote. Uwekwe nyumbani, si ndani ya gari.