Mzigo wa Shingo: Kuchagua Gari la Kuvuta Tela Zito, Adam

Msomaji wetu wa Adam, kule Dakhiliya, Oman, ameniletea swali fupi lenye gharama kubwa. Ana tela la ekseli mbili. Siku moja hulipakia tangi la maji ya ngamia wake walioko jangwani, siku nyingine ngamia wenyewe wanaokwenda mashindanoni, na wakati wa Kharif, msimu wa mvua na ukungu kule Dhofar, anataka kulifikisha Salalah. Anataka kuuza pikapu yake na kununua gari kubwa zaidi. Achukue Land Cruiser 79, ile ambayo watu wa Ghuba huiita Shaas na Tanzania wanaiita mkonga? Au Land Cruiser 300, Nissan Patrol, ama Ford F-150 ya Kimarekani? Ameniambatanishia orodha ya nguvu za farasi, ameipanga kuanzia kubwa kwenda ndogo.

Orodha hiyo naiweka kando. Magari yote manne yana nguvu ya kulisogeza tela la tani tatu katika tambarare ya Jiddat al-Harasis. Wala sitaeleza gia ya mchanga inavyofanya kazi. Adam ni mji wa ukingoni mwa jangwa, ndiko anakotoka Ahmad bin Said, mwasisi wa ukoo uliotawala Oman na Zanzibar, na watu wake mchanga wameujua kabla ya magari. Hatari iko kwingine: mwenye tela zito ajali humkuta pale tela linapoanza kuyumba nyuma yake barabara ikiwa nyoofu na gari likiwa na nguvu tele.

Kwa aliyewahi kuona gari la ng'ombe la Unguja likipakiwa, nusu ya fizikia hii anayo tayari. Gari lina magurudumu mawili na miti miwili inayokwenda mbele hadi kwenye nira. Mpakiaji akirundika matofali nyuma ya magurudumu, miti huinuka, kamba humbana ng'ombe kooni, na kila shimo la barabarani linamnyanyua. Akirundika yote mbele, nira inamkandamiza na hatua zinakuwa fupi. Mpakiaji mzoefu huweka mzigo mkubwa juu ya ekseli yenyewe, kisha husogeza kidogo mbele, huku mkono wake ukiwa juu ya mti mmoja akiupima uzito. Anatafuta uzito mdogo wa kudumu unaolalia shingo: ukipungua mno gari linarukaruka, ukizidi ng'ombe anachoka kabla ya kufika sokoni Darajani. Na mtu akipanda nyuma gari likiwa njiani, ng'ombe huliona badiliko hilo mara moja, hata kama mtu huyo ni mwembamba.

Uzito huo ndio ninaouita mzigo wa shingo. Nilifikiria kuuita uzito wa mbele, lakini fundi angedhani nazungumzia ekseli ya mbele ya gari, ambako mambo ni kinyume kabisa kama tutakavyoona. Mzigo wa shingo ni ule unaokandamiza kifundo cha chuma kinachounganisha gari na tela. Kwa matela ya aina hii unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Tela la tani tatu, basi, linakandamiza kwa kilo 300 au zaidi.

Kilo hizo 300 haziongezi kilo 300 tu kwenye ekseli ya nyuma. Kifundo kiko nyuma ya ekseli hiyo, kwa hiyo gari zima linageuka kuwa mtaimbo: nyuma inabonyea, mbele inanyanyuka. Land Cruiser 300 ina mita 2.85 kati ya ekseli zake. Tuseme kifundo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 300 kwa 1.2, gawanya kwa 2.85: matairi ya mbele yanapoteza kilo 126, na ya nyuma yanapata kilo 426. Matairi yanayoshika usukani yamepungukiwa uzito, na hapo familia bado haijapanda wala mizigo haijaingia. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza urefu kati ya ekseli, kisha kibandiko cha mlangoni kinachotaja uzito ambao ekseli ya nyuma inaruhusiwa kubeba. F-150 ya milango minne iliyozoeleka ina karibu mita 3.7 kati ya ekseli, Shaas ya kabini moja mita 3.18, na Patrol karibu mita 3.1.

Na sasa kuyumba kwenyewe. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu sijui jambo zuri zaidi katika fizikia yote ya barabara.

Upepo wa lori linalopita ukilisukuma tela upande, tela linakaa mshazari. Matairi yake sasa hayaelekei kule yanakokwenda, na mpira wa tairi hukataa kuburutwa mshazari: unasukuma kulirudisha tela katika mstari. Msukumo huo unategemea pembe ya mshazari, haujali kasi. Tela linarudi, linapitiliza, linakwenda upande wa pili, linarudi tena. Ni timazi iliyolazwa.

Kinachoituliza timazi hiyo pia ni tairi. Tela linapobembea, magurudumu yake yanakwenda mbele na pembeni kwa wakati mmoja. Chukua mwendo wa pembeni wa mita 1 kwa sekunde. Gari likienda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, tairi linakata barabara kwa pembe ya karibu digrii 6, na linasugua vya kutosha kuula ule mbembeo. Likienda mita 30 kwa sekunde, kilomita 108 kwa saa, mwendo ule ule wa pembeni unatoa pembe ya digrii 2 tu. Msuguano unaotuliza umebaki theluthi moja! Nguvu inayolirudisha tela iko vile vile, ila breki ya mbembeo imeyeyuka kadiri mshale wa kasi ulivyopanda.

Wakati huohuo kila mbembeo unavuta mkia wa gari pembeni, gari linageuka kidogo, na mgeuko huo unachelewa kiasi cha kusukuma mbembeo unaofuata badala ya kuuzuia. Nguvu inayolisha mbembeo inatoka katika mwendo wa gari lenyewe. Kila tela lina kasi yake ya mpaka: chini yake mbembeo unakufa, juu yake unakua hata bila upepo. Mzigo wa shingo ukipungua, mpaka huo unashuka. Vitu vizito vikifungwa kwenye ncha mbili za tela badala ya katikati, unashuka pia, kwa sababu tela lenye ncha nzito likishaanza kuzunguka ni gumu kulizuia.

Ngamia wa msomaji wetu wanaingia hapo. Ngamia wa kilo 450 akisogea mita 1 nyuma, katika tela lenye mita 4 kutoka ekseli hadi kifundo, anaondoa kilo 112 katika mzigo wa shingo, zaidi ya theluthi ya zile 300. Afungwe akiwa amepiga magoti. Tangi nalo lijae kabisa au liwe tupu, au liwe na kuta za ndani, maana maji ya nusu tangi hukimbia mbele na nyuma kama yatakavyo.

Mbembeo ukianza, usikanyage breki ya gari: tela litakusukuma kwa nyuma na kujikunja. Usiongeze mwendo pia. Toa mguu kwenye mafuta, usukani ukae umenyooka, na kama tela lina breki za umeme zenye kitufe chake karibu na dereva, zibane hizo peke yake. Zinalivuta tela nyuma na kuunyoosha msafara wote.

Joto nalitaja kwa kifupi. Hewa ya nyuzi 48 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 20, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Wamarekani wana kanuni ya kupima uvutaji iitwayo J2807, ambayo hulipandisha gari na tela mlima wa Davis Dam, Arizona, zaidi ya kilomita 18, katika joto la angalau nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa wazi hadi mwisho. Kipimo kizuri, lakini Julai ya Adam inakipita mchana. Asilimia 20 ya uzito ulioandikwa kwenye tangazo mimi naikata papo hapo.

Jibu langu kwa msomaji, basi. Kama safari nyingi ni za mchangani kupeleka maji, Shaas: springi zake za nyuma za majani zinabeba, na kila fundi anaijua, mradi tela lisizidi tani mbili na ajue kwamba ile ya petroli ya lita 4.0 haina tabo. Lakini yeye anataka Salalah, na baada ya Thumrait kuna mteremko wa milima ya Dhofar wenye ukungu na lami iliyolowa msimu wote wa Kharif. Kwa hilo ningenunua F-150 ya milango minne yenye vifaa vya kuvutia tela kutoka kiwandani, pamoja na kipoza mafuta ya giaboksi na kidhibiti cha breki za tela. Kisha kabla ya kuondoka ningepita kwenye mizani ya malori na tela likiwa limepakiwa, nikapima ekseli ya nyuma peke yake.