Mashine Mpya, Wajibu Uleule: Maadili katika Usimamizi wa Miradi

Makala haya yanajadili swali moja: teknolojia mpya inapoingia katika mradi, wajibu wa kimaadili wa msimamizi hupungua au huongezeka? Mfano wetu uko karibu, hapa Old Kampala.

Kwa miaka mingi, watu waliofika jijini kuomba hifadhi wamekuwa wakianza kujiandikisha katika kituo cha polisi cha Old Kampala. Wengi wao walitoka mashariki mwa Kongo, na Kiswahili ndiyo lugha waliyoitegemea kujieleza.

Februari 2018, maafisa kadhaa wa Ofisi ya Waziri Mkuu walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kutia chumvi idadi ya wakimbizi. Machi mwaka huohuo, serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, zilianza kuwahakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na picha za macho. Kazi hiyo ilipomalizika Oktoba, idadi ilikuwa imeshuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba wote waliopungua walikuwa wakimbizi hewa. Wapo waliorudi kwao, walioandikishwa mara mbili na ambao hawakufika kuhakikiwa.

Mashine ilifanya kuandika majina hewa kuwe kugumu. Hata hivyo, maswali matatu yalibaki mezani kwa msimamizi.

Kwanza, ridhaa. Uganda ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, yaani baada ya uhakiki huo. UNHCR ilikuwa na sera yake ya mwaka 2015 inayotaka mtu aelezwe kwa nini taarifa zake zinachukuliwa. Lakini kuridhia si sawa na kutii. Anayeweka kidole kwa kuogopa kukosa posho ya chakula ametii tu. Aidha, maneno "data" na "faragha" huenda yasieleweke kwa mtu wa Bukavu. Afadhali aambiwe: "Alama za vidole vyako zitawekwa kwenye kompyuta, hawa ndio watakaoziona, na sababu ni hii." Huo ndio ukalimani wenye maadili.

Pili, haki ya kusahihishiwa. Vidole vya mkulima au mwashi huchakaa, na mashine inaweza kushindwa kuvisoma. Je, mtu huyo atahesabiwa mdanganyifu, au kuna afisa wa kumsikiliza?

Tatu, bajeti. Msimamizi anayetenga fedha za mitambo bila kutenga za wakalimani na dawati la malalamiko amekwisha kuamua ni nani ataumia mambo yakiharibika.

Jibu la swali letu, basi, ni kwamba wajibu huongezeka. Karani akikosea, huumia mmoja. Mfumo ukikosea, huumia maelfu kwa siku moja.

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hivyo wanafunzi wetu wengi zaidi wataitwa kutafsiri fomu za miradi ya aina hii. Tunawausia wasitafsiri fomu wasiyoielewa. Waulize kwanza taarifa zinakwenda wapi, kwani kuuliza si ujinga, na anayetia sahihi anategemea ulimi wao.