Vita vya Wahehe na Wajerumani: Kutoka Kurasani Hadi Uwanjani



Asafiriye kwa barabara kutoka Dodoma kwenda Iringa hufika Mtera, penye bwawa la Ruaha Mkuu lililojengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Wengi hununua samaki, wakaendelea na safari. Wachache hukumbuka kwamba hapo wanaiacha Ugogo na kuikabili Uhehe, nchi iliyopigana na Wajerumani tangu mwaka 1891 hadi 1898. Swali la mhadhara huu ni hili: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ananufaika nini kwa kwenda mahali vita vilipopiganwa? Hoja yangu ni kwamba maandishi hutupa sauti na maana, mahali hutupa kipimo, na kila kimoja humkosoa mwenzake.

1. Nyundo wa Pangani

Tuanze na utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima kuhusu vita vya pwani vya miaka ya 1888 na 1889. Vita hivyo vilifika hata nyanda za kati: mwaka 1889 watu wa Abushiri waliishambulia ngome ya Wajerumani huko Mpwapwa, na mwezi Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Mgogoro wa Pangani ulikuwa umewashwa mwezi Agosti 1888 na Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani, alipoitweza mamlaka ya Sultani wa Zanzibar. Waswahili walimpa jina la Nyundo.

Tarehe 17 Agosti 1891, Nyundo huyohuyo, sasa akiwa kamanda wa jeshi la koloni, aliuawa na mashujaa wa Mkwawa huko Lugalo. Mtaala huuweka utenzi wa pwani katika somo la fasihi na vita vya Lugalo katika somo la historia, nasi tukayaona mambo mawili yasiyohusiana. Msomaji wa utenzi akisimama Lugalo huona kwamba ni vita kimoja kilichopanda kutoka Mrima hadi bara.

2. Yasemwayo na ardhi

Vitabu husema kwamba kikosi cha Zelewski kilivamiwa ghafla. Neno hilo ni jepesi mpaka uione ardhi yenyewe: vichaka, miamba, na njia iliyowalazimu askari na wapagazi kwenda mmoja nyuma ya mwingine. Katika msafara wa namna hiyo mzinga ni mzigo tu, na mkuki wa karibu ni silaha bora kuliko bunduki ambayo mwenyewe hajawahi kuielekeza. Kisha nenda Kalenga. Huko Mkwawa alijenga ngome ya mawe, na tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka. Lugalo adui hakupata nafasi ya kupanga mizinga yake. Kalenga alipangiwa shabaha isiyosogea. Tofauti hiyo yaweza kuandikwa kwa sentensi moja, lakini miguu huielewa upesi zaidi.

Lugalo pia kuna mnara. Uliwekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao, yaani uliwekwa na walioshindwa siku ile. Washindi hawakuandika jiwe; walibaki katika masimulizi na nyimbo. Kwa hiyo mgeni asomaye mnara pekee atarudi na habari za upande mmoja. Tusisahau pia kwamba wengi wa waliokufa chini ya bendera ya Wajerumani walikuwa Waafrika, askari na wapagazi.

3. Tamthilia na mipaka yake

Baada ya uhuru, waandishi waliyaendea mashujaa hawa kwa haja ya taifa jipya. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile kuhusu Vita vya Majimaji, na mwaka 1979 M. M. Mulokozi akachapisha Mukwava wa Uhehe. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia. Tahadhari hiyo itufae hapa pia. Mtunzi huchagua, asiyechagua hana kazi ya sanaa. Kosa ni la msomaji anayeugeuza uchaguzi huo kuwa ushahidi.

4. Upande huu wa mto

Hapa ndipo Mtera inapokuwa mwalimu. Kusini ya mto Mkwawa ni shujaa: alijiua tarehe 19 Julai 1898 kuliko kukamatwa, kichwa chake kikachukuliwa, kikatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Lakini kabla ya Wajerumani, Wahehe walikuwa wakiivamia Ugogo na kuteka mifugo na watu. Mzee wa kaskazini ya mto anayesita kumwita Mkwawa mkombozi si msaliti wa taifa. Anakumbuka jambo la kweli. Fasihi yetu andishi imeisikiliza sauti hiyo kwa nadra mno. Taifa lisiogope kuyabeba yote mawili: mtu yuleyule aliitetea nchi yake dhidi ya wageni, naye aliwatisha majirani zake.

5. Hitimisho

Nawasihi wanafunzi wafuate utaratibu huu: someni kazi ya fasihi kwanza, ili mwende na maswali, tembeleeni mahali, mkipima umbali, mwinuko na maji, kisha wasikilizeni wazee wa pande zote za mto, mkiandika maneno yao kama walivyoyasema. Wanaoyakumbuka masimulizi ya babu zao wanapungua kila mwaka. Mnara wa Lugalo utaendelea kusimama. Kumbukumbu isiyoandikwa haina jiwe la kuilinda.