Namba P0340: Kabla Hujanunua Sensa Nyingine

Leo naweka siasa za kaunti kando. Wenye teksi na wenye Probox wamekuwa wakiniuliza sana kuhusu taa ya injini na namba P0340, na kwa kuwa stashahada yangu ni ya ufundi wa magari (uandishi ulikuja baadaye), nitaieleza hapa mara moja kwa wote.

Jirani yangu hubeba abiria kati ya Likoni na Ukunda. Gari lake lilianza kupiga stata muda mrefu asubuhi, kisha likawa lazima njiani likishapata moto. Gereji aliyolipeleka walichomeka mashine, wakasoma P0340, wakamuuzia sensa ya kamshafti. Wiki mbili baadaye taa ikarudi. Akauziwa ya pili, akaambiwa ile ya kwanza ilikuwa feki. Ya tatu ndiyo iliyomleta kwangu, na ada ya shule ya watoto ilikuwa ishaliwa.

Kosa liko katika kuisoma namba yenyewe. P0340 haisemi kwamba sensa imekufa. Yasema kompyuta ya gari haipati taarifa inayoitarajia kutoka kwenye saketi ya sensa ya kamshafti. Saketi ni sensa, plagi yake, waya, na kompyuta yenyewe. Ukimpigia mtu simu asishike, huwezi kumtangazia matanga. Huenda simu imeisha chaji, huenda mtandao umekatika.

Na taarifa yenyewe ni ya nini? Katika injini ya petroli, krankishafti huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Kwa hiyo kila pistoni hufika juu mara mbili: mara moja ikiibana hewa na petroli tayari kwa moto, mara nyingine ikisukuma moshi nje. Sensa ya krankishafti yajua pistoni iko juu, lakini haijui ni safari ipi kati ya hizo mbili. Sensa ya kamshafti ndiyo inayojibu swali hilo. Kwenye injini ya 1NZ-FE, iliyo ndani ya Probox nyingi hapa kwetu, sahani ya krankishafti ina meno 34, na kamshafti ina meno 3 tu. Kila jino likipita mbele ya sumaku ya sensa, mpigo mdogo wa umeme huzaliwa. Mipigo hiyo ikipotea, kompyuta hubaki ikibahatisha. Ndipo gari hukataa kuwaka haraka, hukosa nguvu au huzima. Na kuzimikiwa na gari kwenye mteremko wa feri, mbele maji na nyuma foleni ya malori, si mzaha.

Sasa kupima. Kabla ya kuifuta namba, andika kila kitu ambacho mashine yaonyesha. Mashine nyingi huhifadhi hali ya injini pale taa ilipowaka: joto, mizunguko, mwendo. Ikiwa taa huwaka injini ikiwa ya moto tu, hiyo ni habari kubwa. Kisha pima betri. Iliyopumzika na yenye chaji huwa karibu volti 12.6, na injini ikiwaka, altaneta yatakiwa kutoa takriban 13.5 hadi 14.5. Umeme dhaifu huzaa namba za uongo.

Baada ya hapo zima gari, toa ufunguo, ufungue plagi ya sensa. (Kama umevaa kanzu, ibadilishe kwanza. Mkanda wa injini hauna adabu.) Hapa Pwani mimi huanza na plagi kila mara. Hewa ya chumvi huingia na kuacha kutu ya kijani kwenye vidole vya shaba. Kuna na wale wanaoosha injini kwa maji ya presha, halafu panya nao wana kazi yao kwenye waya. Angalia pia kama oili imeingia.

Hesabu waya. Zikiwa mbili, sensa ni ya koili na waweza kuipima kwa mita ya umeme upande wa omu. Kila mtengenezaji ana kiwango chake, kwa kawaida kati ya mamia na elfu chache. Mita ikionyesha sifuri, au isionyeshe njia kabisa, sensa ni mbovu. Ipime ikiwa baridi, kisha ikiwa moto, maana koili yaweza kukatika ikipashwa na kuungana ikipoa. Zikiwa waya tatu, usiipime kwa omu. Washa ufunguo utafute umeme kwenye waya mmoja, ardhi kwenye wa pili, na alama inayopanda na kushuka kwenye wa tatu injini ikizungushwa.

Sensa ikiwa nzima, fungua betri upime kila waya kutoka plagi hadi kwenye kompyuta, huku ukiuchezesha kwa mkono. Kwa jirani yangu tatizo lilikuwa hapo. Waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake, sentimita chache kutoka kwenye plagi. Kwa nje ulionekana mzima. Gari likipata moto, ncha ziliachana. Kipande cha waya, risasi ya kulehemu na mpira wa kuufunika, kazi ikaisha chini ya saa moja. Sensa zote tatu alizonunua, pamoja na ya awali, zilipima sawasawa.

Waya zikiwa nzima pia, chomoa sensa uitazame ncha. Ina sumaku, na vumbi la chuma likijaa pale hufifisha alama. Halafu fikiria cheni ya taimingi, hasa kwa gari ambalo oili hubadilishwa siku mwenye gari akikumbuka. Cheni iliyolegea hupiga kelele asubuhi, na mara nyingi P0340 huja na mwenzake P0016, inayosema krankishafti na kamshafti hazipatani. Ukiziona mbili hizo pamoja na kelele ile, usiliendeshe gari hadi cheni ikaguliwe. Ikiruka meno zaidi, kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni.

Na fundi akikwambia sensa imekufa, mwambie akuonyeshe kwenye mita, kisha akupe ile ya zamani uende nayo nyumbani.