Saa ya Bosi Haisimami Kwenye Taa

Waulize waendesha baiskeli wa Kigali hutumia muda gani kufika kazini. Wengi watakusomea namba ya simuni, na mara nyingi ni muda wa mwendo tu. Programu kama Strava huonyesha muda wa mwendo na pia muda wote tangu ulipoanza, taa nyekundu na foleni zikiwemo. Wa kwanza unafurahisha. Wa pili ndio anaoujua bosi. Mimi naanza kuhesabu mlangoni Kimironko, namaliza nikishaketi mezani mjini, shati kavu mwilini.

Safari naigawa vipande: Kimironko hadi Kimihurura, mteremko wa Kimicanga, kisha ule mlima wa kupandia mjini kupitia Payage. Mteremkoni hakuna cha kuokoa. Utakanyaga kama kichaa upate sekunde chache, na lami ikiwa na maji hata hizo huzitaki. Muda uko mlimani.

Hesabu yake ni hii: wewe na baiskeli mkiwa na kilo 80, kupanda kimo cha mita 100 kwa nguvu ya wati 150 huchukua karibu dakika 9. Punguza mzigo kilo 4, umeokoa karibu nusu dakika bila kuongeza jasho. Viatu vyangu vya ofisini vinalala chini ya meza ya kazi. Kufuli zito nalo linashinda hukohuko.

Usianze mlima kwa pupa. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, hapa kwetu, Remco Evenepoel alimkuta Tadej Pogačar aliyetangulia kuondoka katika mbio za kushindana na saa, akampita. Ikiwa nyota kama Pogačar anaweza kupitwa, wewe na begi lako shusheni gia mapema. Watazame abanyonzi wa Kimironko, wale wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli za chuma zisizo na gia: pakiwa pakali wanashuka, wanasukuma mzigo taratibu, wala hawaoni aibu.

Ila kwangu mimi kilichookoa dakika nyingi kuliko miguu ni kuwahi kutoka. Tangu Januari 2023 shule huanza saa 2:30 asubuhi na ofisi saa 3. Ukiyatangulia magari ya wanafunzi, Gisimenti unapita bila kugusa breki.

Siku moja nzuri isikudanganye. Panga muda wa wiki kadhaa kuanzia mfupi hadi mrefu, uchukue wa katikati; hapo hata siku ya pancha haikuharibii hesabu. Jumapili za bila magari, ambazo jiji lilizianzisha 2016, zitumie kuujua mlima na gia zako. Muda wa siku hizo usiuchanganye na wa Jumatatu.