Ngumbaru: Darasa Moja, Wanafunzi wa Hatua Nyingi

Vikundi vingi huanza darasa la ngumbaru kwa furaha. Juma la kwanza wanakuja watu 25, juma la tatu wamebaki 12, na kabla ya mvua kuisha mwalimu ana akina mama wanne na ubao wake. Ndipo watu husema, "Wazee hawashiki." Si kweli. Mara nyingi shida ni kwamba wote walipewa somo moja, kana kwamba ni watoto walioanza darasa la kwanza siku moja.

Hebu tuangalie ni nani hasa wanaokuja. Yuko mama ambaye hajawahi kushika kalamu. Yuko mwingine aliyefika darasa la tatu, akaacha, na bado anakumbuka herufi lakini haziungi. Yuko mzee anayesoma jina lake na vibao vya matatu basi. Na yuko mweka hazina wa kikundi anayesoma vizuri, ila kuandika barua ni kazi ngumu. Ukiwaimbisha wote "a, e, i, o, u" mwezi mzima, huyu wa mwisho ataondoka kwa sababu amechoka. Ukienda haraka, yule wa kwanza ataondoka kwa aibu, na yeye hatakuambia sababu. Atasema ng'ombe alikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo kabla ya somo la kwanza, kaa na kila mtu peke yake kwa dakika chache, mbali na masikio ya wengine. Muulize mambo mawili. La kwanza: unataka kusoma nini? Mmoja atasema Biblia, mwingine kadi ya kliniki, mwingine ujumbe wa M-Pesa ili asimpe mtoto wa jirani namba yake ya siri. Wengi watataja karatasi za mkopo au za shamba walizotia kidole gumba bila kujua zimeandikwa nini. Andika majibu hayo, maana ndiyo vitabu vyako. Mzee Kimani Maruge, aliyeingia shule ya msingi huko Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, alitaka kujisomea Biblia na pia kuhesabu pesa zake. Haja mbili katika mtu mmoja! Sasa fikiria darasa la watu 20.

La pili: mwonyeshe karatasi yenye herufi chache, silabi chache, maneno matatu na sentensi mbili fupi. Asome mpaka pale anapokwama, kisha mwambie asante. Usiuite mtihani. Papo hapo angalia macho yake. Akisogeza karatasi mbali ndipo asome, huenda shida si akili bali miwani. Watu wengi waliopita miaka 40 hawaoni vizuri karibu, na wamekuwa wakijiita wajinga bure. Wakae karibu na mwanga, andika herufi kubwa, na wapelekwe wapimwe macho.

Ukishajua hatua za watu, usitayarishe masomo manne. Utachoka, mwalimu. Chukua jambo moja na ulipe kazi mbalimbali. Tuseme kikundi chenu kinauza maziwa. Anzeni pamoja kwa mazungumzo ya robo saa: nani hupima maziwa, nani huandika, pesa hukatwa wapi? Hapa asiyejua kusoma anaweza kuwa ndiye anayejua mengi kuliko wote, na hiyo humpa nguvu. Kisha andika ubaoni: MAZIWA. Likate: ma-zi-wa.

Wanaoanza watalitafuta neno hilo katika kadi tano, walifuatishe kwa kidole, kisha waliandike. Waliofika kwenye silabi wachukue ma me mi mo mu, za ze zi zo zu, wa we wi wo, pamoja na a, e, i, o, u, na wajiundie maneno: mama, wewe, wazo, mizizi, mimea, uzima. Lugha yetu ya Kiswahili ni rahisi hapa, kwa kuwa inasomwa jinsi inavyoandikwa. Wanaosoma polepole wapewe karatasi ya maziwa yenyewe, yenye jina, lita na shilingi. Na wale wa mbele wapige hesabu: lita 6 kwa siku kwa siku 30 ni lita 180, kwa shilingi 45 ni shilingi 8,100, toa chakula cha ng'ombe 1,500, zinabaki 6,600. Je, ndizo zilizolipwa? Kama sizo, waandike barua ya kuuliza. Mwishoni barua hiyo isomwe mbele ya wote, hata wale walioanza leo watalitambua neno "maziwa" ndani yake.

Njia hii ya kuanza na neno lenye uzito maishani si ngeni. Paulo Freire aliitumia huko Brazil, katika mji wa Angicos, mwaka wa 1963, kwa watu wazima wapatao 300. Mawazo yake yalifika Kenya miaka ya 1970 kupitia mafunzo ya DELTA yaliyoendeshwa na kanisa, na huenda wazee wa kikundi chenu wanayakumbuka.

Kuhusu lugha: asiyezoea Kiswahili aanze kwa lugha ya mama. Kujifunza herufi na lugha mpya kwa pamoja ni mizigo miwili kichwani.

Saa pia ni sehemu ya mpango. Msiweke darasa siku ya soko, na wakati wa kupanda punguzeni siku badala ya kufunga. Mtu akikosa wiki mbili, asirudishwe mwanzo wala asiulizwe mbele ya watu; mwenzake wa hatua ile ile amwonyeshe walipofika. Na wale wa mbele wasiwe walimu wadogo kila siku, maana wao nao walikuja kusoma.

Kila baada ya miezi mitatu rudia ile karatasi ya mwanzo na kila mtu, faraghani kama kwanza, umwonyeshe alikokwama siku ile na anakokwama leo. Kisha mhamishe kundi kama yuko tayari. Ubao, chaki na ushauri, ulizeni kwa afisa wa elimu ya watu wazima aliye karibu nanyi. Nendeni naye mkiwa na orodha ya wanafunzi na haja zao mkononi.